Kutibiwa, Kutulia na Kupona: Istilahi za Kiswahili katika Habari za Seli Shina na Virusi vya Ukimwi

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchambua istilahi zinazotumiwa na watafsiri wetu wanapoeleza kwa Kiswahili utafiti wa Profesa Ravindra Gupta, mtaalamu wa mikrobiolojia ya tiba wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, juu ya mtu aliyekuja kujulikana ulimwenguni kwa jina la "mgonjwa wa London". Habari hizo zilitangazwa kwanza mwezi wa Machi 2019, zikathibitishwa zaidi mwaka 2020, na tangu hapo husimuliwa upya kila inapotokea habari ya mgonjwa mwingine wa namna hiyo. Muda uliopita unatosha kutuwezesha kuzipima tafsiri hizo bila haraka ya gazeti la asubuhi.

Hoja yetu ni moja. Kiswahili hakikupungukiwa na maneno ya kuelezea utafiti huu. Kilichopungua ni uangalifu wa kutenga mambo matatu yaliyo karibu sana, yaani kutibiwa, kutulia na kupona. Mtafsiri anayeyachanganya mambo hayo matatu hafanyi kosa la lugha peke yake. Anampa habari ya uongo msomaji ambaye pengine ana kopo la vidonge mkononi, naye anajiuliza kama bado kuna haja ya kuendelea kuvimeza.

Jambo lenyewe

Kabla ya kulipima neno ni lazima kukijua kwanza kitu kinachotajwa. Mgonjwa wa London ni Adam Castillejo, ambaye alijitangaza kwa jina lake mwenyewe mwaka 2020. Aligunduliwa kuwa na virusi vya Ukimwi mwaka 2003. Mwaka 2012 alipatikana pia na saratani ya tezi za limfu, ya aina iitwayo Hodgkin. Saratani hiyo ilipokataa kusikia dawa, madaktari waliamua, mwaka 2016, kumpandikizia seli shina za damu kutoka kwa mtu mwingine.

Mtoaji wa seli hizo hakuchaguliwa kwa sababu ya kupatana kwa damu tu. Virusi vya Ukimwi, ili viingie katika seli ya kinga, huhitaji kushikamana na vipokezi vilivyo juu ya ngozi ya seli hiyo. Kimoja huitwa CD4, na cha pili, mara nyingi, huitwa CCR5. Wapo watu waliorithi kutoka kwa wazazi wote wawili jeni yenye upungufu, ambayo haiwezi kutengeneza kipokezi hicho cha pili. Miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya ya Kaskazini hufikia takriban mtu 1 katika kila 100. Miongoni mwa Waafrika ni nadra mno. Jambo hilo lilitambuliwa mwaka 1996. Seli za watu hao ni kama nyumba isiyo na mlango upande ule ambao mwizi amezoea kupita.

Seli shina za mtoaji wa namna hiyo zilipoota katika uboho wa Castillejo, damu yake yote mpya ilizaliwa haina mlango huo. Miezi 16 baada ya kupandikizwa, chini ya uangalizi wa madaktari, aliacha dawa za kufubaza virusi. Ripoti ya Gupta na wenzake ilipotolewa mwaka 2019 alikuwa amekaa miezi 18 bila dawa, na virusi havikuonekana tena katika damu yake.

Gupta hakuwa wa kwanza katika njia hii. Daktari Gero Hütter wa Berlin, Ujerumani, alikuwa amemtibu Timothy Ray Brown, aliyeugua saratani ya damu, kwa kumpandikizia seli za mtoaji wa aina hiyo hiyo mwaka 2007 na mara ya pili mwaka 2008. Ripoti yake ilichapishwa mwaka 2009. Brown aliishi bila virusi hadi alipofariki mwaka 2020 kwa saratani iliyomrudia, si kwa Ukimwi. Kwa miaka 10 wataalamu wengi walikuwa wakijiuliza kama habari ya Berlin ilikuwa bahati isiyoweza kurudiwa. Thamani ya kazi ya Gupta ni kwamba ilionyesha kuwa inaweza kurudiwa, tena kwa njia isiyo kali kama ile ya kwanza: Brown alipandikizwa mara 2 na kuchomwa mionzi mwili mzima, lakini Castillejo alipandikizwa mara 1 na hakuchomwa mionzi.

Seli, chembe na shina

Neno la kwanza linalomsumbua mtafsiri ni jina la seli zenyewe. Katika tafsiri tulizozipitia tumekuta "seli shina", "seli za shina", "seli za msingi", "seli mama", "chembe hai za asili" na "chembechembe za shina". Msomaji aliyekutana na majina hayo sita katika magazeti mbalimbali ana haki ya kudhani kwamba anasomewa habari za vitu sita.

Tuanze na "chembe". Neno hili ni la zamani, ni letu, na watu wengi hulielewa. Kila mwananchi aliyewahi kupimwa damu amesikia habari za "chembechembe nyeupe". Kwa bahati mbaya limebebeshwa mzigo uliozidi nguvu zake. Chembe ni punje ya mchanga au ya mchele. Chembe za damu ni seli. Chembe za urithi ni jeni. Katika habari ya kawaida ya hospitali mzigo huo huweza kuvumilika, lakini katika utafiti huu hauvumiliki, kwa kuwa kiini chake ni seli zenye jeni fulani. Mtafsiri aliyeshikilia "chembe" atalazimika kuandika kwamba mgonjwa alipewa chembe za shina ambazo chembe zake za urithi hazitengenezi mlango wa chembe za virusi. Sentensi hiyo haina kosa la sarufi hata moja, wala hakuna atakayeielewa. Kwa hiyo hapa "seli" na "jeni", japokuwa ni maneno ya kukopa, yana haki ya kupewa nafasi. Yameandikwa kwa matamshi yetu, ni mafupi, na kila moja lina kazi moja.

Ama kuhusu sehemu ya pili ya jina, sisi tunaunga mkono "shina", na sababu zetu si kwamba Kiingereza nacho kimetumia neno lenye maana hiyo. Chanzo cha istilahi hii ni Kijerumani: mwanabiolojia Ernst Haeckel alitumia neno Stammzelle mwaka 1868, na Stamm kwa Wajerumani ni shina la mti na pia ni ukoo. Maana hizo mbili ndizo zinazotakiwa, yaani kitu kinachobaki mahali pake huku kikitoa matawi ya namna mbalimbali. Msomaji wa Tanzania halihitaji somo la botania ili aelewe jambo hilo, kwa sababu amezoea kusikia "shina" na "tawi" katika muundo wa chama cha siasa, akajua kwamba shina ni la chini na ndilo linaloanza. Kutoka katika neno hilo moja tunaweza kujenga mfumo mzima: seli shina za damu, seli shina za kiinitete, na kadhalika.

Majina mengine yana kasoro zake. "Seli mama" limekwisha kutumika katika masomo ya biolojia kwa seli yoyote inayogawanyika kuwa mbili, na seli hiyo si lazima iwe seli shina. "Seli za msingi" linamfanya msomaji adhani kwamba seli zote nyingine hazina umuhimu. Lile la "asili" linaelekea kwenye dawa za asili, uwanja mwingine kabisa.

Kuhusu mahali seli hizo zinapokaa, watafsiri wengi wameandika "ute wa mifupa", hali neno "uboho" lipo, ni la Kiswahili fasaha, na kila anayevunja mfupa wa mchuzi ili aunyonye anakijua kitu chenyewe hata kama jina limempotea. Walimu wangefanya vizuri kulirudisha darasani. "Kupandikiza" nalo ni neno lililokaa vizuri sana. Mkulima wa mpunga huung'oa mche kitaluni na kuupandikiza shambani, akangoja kuona kama utashika. Ndivyo daktari afanyavyo, na hata hatari ni ile ile: mche unaweza usishike. Hatari ya pili haina mfano shambani, nayo ni kwamba seli ngeni zinaweza kuushambulia mwili uliozipokea.

Maneno mawili yanayopotosha

Kabla ya kufika kwenye hoja kuu, yapo maneno mawili yanayohitaji kusahihishwa.

La kwanza ni "hifadhi". Virusi vya Ukimwi haviangamizwi na dawa kwa sababu baadhi yake hujificha ndani ya seli zilizolala, vikangoja. Watafsiri wamepaita mahali hapo "hifadhi ya virusi". Kwa Mtanzania hifadhi ni Serengeti au Mikumi, mahali ambapo serikali inalinda wanyama wasiuawe. Je, tunataka msomaji aamini kwamba hospitali inavilinda virusi? Neno linalofaa ni "maficho". Linaeleza mahali, linaeleza nia ya anayejificha, na linaeleza kwa nini kipimo cha damu kinaweza kusema hakuna kitu ilhali kitu kipo.

La pili ni "sugu". Kabla ya habari za mgonjwa wa London, Gupta alijulikana zaidi kwa utafiti wake juu ya virusi visivyosikia dawa, kazi inayoihusu sana Afrika, naye ameshirikiana na watafiti wa Durban, Afrika Kusini. Kiswahili kimepata neno zuri hapa. Sugu ni ngozi iliyokauka na kuwa ngumu kwa kusuguliwa mara kwa mara, kama ile ya kiganja cha mshika jembe. Kirusi kinachoguswa na dawa kidogo kidogo bila kuuawa nacho huota sugu. Lakini neno hili limetumika pia katika "magonjwa sugu", kwa maana ya maradhi yanayodumu muda mrefu kama vile kisukari, na wakati mwingine tunasoma habari ya "mgonjwa sugu". Ni lazima isemwe wazi kwamba kinachokuwa sugu ni kirusi, si mgonjwa. Tofauti hii si ya mapambo. Mgonjwa anayeambiwa kwamba yeye ndiye sugu hudhani kuwa mwili wake umezoea dawa na kwamba akipumzika kidogo dawa zitafanya kazi tena. Kupumzika huko ndiko kunakovipa virusi nafasi.

Kutibiwa, kutulia, kupona

Sasa tuingie katika kiini cha makala haya. Chukueni mfano wa sentensi ya aina hii: "Wanasayansi wa Uingereza wamepata tiba ya Ukimwi." Ni sentensi fupi, lakini ina makosa matatu.

Kosa la kwanza ni "Ukimwi". Castillejo alikuwa na virusi vya Ukimwi, na kuwa na virusi si lazima iwe ni kuugua Ukimwi. Tofauti hiyo imefundishwa kwa miaka mingi, na magazeti yanaendelea kuifuta.

Kosa la pili ni "wamepata". Hawakupata kitu kinachoweza kugawiwa. Alipandikizwa kwa sababu ya saratani. Bila saratani hakuna daktari mwadilifu ambaye angemfanyia, kwa kuwa upandikizaji huo wenyewe unaweza kuua.

Kosa la tatu, nalo ndilo kubwa, ni "tiba". Tiba ni kazi ya mganga au daktari: kutibu ni kuhudumia maradhi kwa dawa au kwa njia nyingine. Neno lenyewe haliahidi matokeo. Mtu huweza kutibiwa akapona, akatibiwa asipone, au akatibiwa maisha yake yote, kama mwenye shinikizo la damu. Kwa maana hiyo, tiba dhidi ya virusi vya Ukimwi tunayo tangu katikati ya miaka ya 1990, pale dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutumiwa kwa pamoja. Anayetangaza mwaka 2019 kwamba tiba "imepatikana" anamwambia msomaji, bila kukusudia, kwamba vidonge alivyokuwa akivimeza siku zote havikuwa tiba. Tusisahau kwamba "kufubaza" lenyewe ni neno lililochaguliwa kwa busara: kitu kilichofubaa kimepoteza rangi na makali, lakini hakikuondoka. Ni bora mara nyingi kuliko "dawa za kurefusha maisha", ambalo linanong'ona kuwa maisha yalikuwa yamekwisha.

Hapa ndipo mwenendo wa Gupta mwenyewe unapokuwa somo kwa watu wa istilahi. Kichwa cha ripoti yake ya mwaka 2019 kilitumia neno la Kiingereza "remission", lenye maana kwamba maradhi yamerudi nyuma, ila haijathibitika kuwa yamekwisha. Mwaka 2020, Castillejo alipokuwa amefikisha miezi 30 bila dawa, na baada ya kupimwa damu na sehemu nyingine za mwili, ripoti ya pili iliandika "cure", yaani kupona. Na hata hapo ilitanguliza neno la kusema kwamba huo ulikuwa ni ushahidi wa kupona. Mgonjwa ni yule yule, na damu ni ile ile. Kilichobadilika ni kiasi cha ushahidi, na neno likabadilishwa ili lilingane nacho. Tafsiri za Kiswahili zilizotumia neno moja katika miaka yote miwili zilifuta kazi ya mwaka mzima.

Tahadhari hiyo ilikuwa na sababu. Mwezi wa Julai 2013 ilitangazwa habari ya wagonjwa wawili wa Boston, Marekani, waliopandikizwa seli kutoka kwa watoaji wa kawaida na kuacha dawa bila virusi kuonekana. Kabla ya mwaka huo kwisha, virusi vilikuwa vimerudi kwa wote wawili. Mwaka huo huo habari za mtoto wa Mississippi, aliyeanzishiwa dawa muda mfupi baada ya kuzaliwa na baadaye kukaa bila dawa, zilienea kote kuwa amepona. Mwaka 2014, baada ya zaidi ya miaka miwili bila dawa, virusi vilitoka mafichoni. Wote watatu walikuwa wametulia. Hakuna aliyekuwa amepona.

Je, hali hii ya katikati tuiite nini? Wengine wameandika "nafuu". Neno hili ni tamu, na tunalitumia kila siku tunapomjulia hali mgonjwa. Hata hivyo nafuu ni habari ya mgonjwa anavyojisikia. Mwenye virusi anayemeza dawa vizuri anaweza kujisikia mzima kabisa, hali virusi vimo. Basi nafuu yake haitusaidii kumtofautisha na Castillejo wa mwaka 2019. Tunahitaji neno linalosema habari ya maradhi. Wananchi wanalo: husema "presha imetulia", "sukari imetulia". Anayesema hivyo hadai kwamba amepona, na anayemsikiliza hamwelewi hivyo. Kitu kilichotulia kinaweza kuamka. Kwa hiyo tunapendekeza "kutulia", na inapobidi "kutulia bila dawa", kwa hali hii ya katikati. Wanaotaka nomino wanaweza kujaribu "mtulio", kwa kufuata njia ya "msimamo" na "mtiririko"; lakini sisi tunaona kitenzi kinatosha mpaka hapo watumiaji watakapoamua.

Kwa hatua ya mwisho "kupona" linatosha. Tusiandike "uponyaji", kwa kuwa neno hilo limechukuliwa na mikutano ya dini, ambako humtaja mwenye kuponya na nguvu zake. Habari ya kisayansi inamtaja aliyepona na vipimo vyake.

Kwa nini jambo hili si dogo

Huenda msomaji akasema kwamba tunapasua unywele. Tunamwomba akumbuke mwaka 2011, maelfu kwa maelfu ya watu walipofunga safari kwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa kwa shilingi 500, dawa iliyosemwa kuwa inaponya maradhi mengi sugu, Ukimwi ukiwa mmojawapo. Wakati huo watumishi wa afya walikuwa na hofu kwamba wagonjwa wangeacha vidonge vyao. Hatulitaji jambo hilo kwa kumdharau yeyote aliyekwenda; mwenye kuuguza hutafuta. Tunalitaja ili kuonyesha kwamba katika nchi yetu neno "kuponya" lina nguvu ya kuwatoa watu majumbani mwao. Neno lenye nguvu hiyo haliandikwi ovyo.

Na ukweli ulivyo ni huu. Duniani wapo takriban watu milioni 40 wanaoishi na virusi vya Ukimwi, wengi wao Afrika. Waliopona kwa njia ya kupandikizwa seli shina ni wachache mno, na wote walikuwa na saratani au maradhi mengine makubwa ya damu. Ni kweli kwamba elimu inasonga mbele: mwaka 2023 ilitangazwa habari ya mgonjwa wa Geneva, Uswisi, ambaye virusi havikumrudia baada ya kuacha dawa, ingawa mtoaji wake hakuwa na ile jeni yenye upungufu. Wataalamu wanatumaini kwamba siku moja seli za mgonjwa mwenyewe zitaweza kurekebishwa bila ya kuhitaji mtoaji. Lakini tumaini ni jambo la kesho, na vidonge ni vya leo.

Mapendekezo

Kwa kumalizia, tunawaomba watafsiri, walimu na watumishi wa serikali wanaotayarisha matangazo ya afya wazingatie yafuatayo. Kwanza, watumie "seli shina", "jeni", "uboho" na "kupandikiza", na waliachie neno "chembe" kazi yake ya zamani. Pili, waseme "maficho ya virusi" badala ya "hifadhi", na waseme kwamba ni virusi vilivyo sugu. Tatu, wasiandike "Ukimwi" pale palipotajwa virusi. Nne, na hili ndilo tunalolisisitiza, kabla ya kuandika "tiba" kila mtafsiri ajiulize maswali matatu: Je, mgonjwa anahudumiwa? Basi anatibiwa. Je, ameacha dawa na maradhi hayajaonekana, ila muda na vipimo havijatosha? Basi maradhi yametulia. Je, wenye utafiti wenyewe wamethibitisha kwamba yamekwisha? Basi amepona, naye atajwe peke yake, kwa idadi yake, bila kuwahesabia wengine wasiokuwamo.

Mapendekezo haya yako mbele ya wasomaji ili yajadiliwe. Mwenye neno bora kuliko "kutulia" alilete, pamoja na sentensi tatu za kulionyesha likifanya kazi hospitalini, darasani na redioni. Neno litakaloeleweka mahali pote patatu ndilo litakalostahili kusanifiwa.